Usimpige, Mwangalie Ngozi

Keti, mjukuu wangu. Vuta kile kigoda, hiki changu kimelegea mguu. Nimekusikia tangu ulipofungua lango, na nyanya yako amekusikia akiwa jikoni, maana siku hizi sauti yako ikiwa na hasira hufika mbali. Ishushe sasa, unieleze tena polepole. Nami nitakueleza yale niliyokueleza mwaka jana na mwaka juzi. Sichukii kuyarudia. Ni koo tu limechoka.

Unasema yule farasi jike wa kijivu ameingiwa na wazimu. Mlitoka zizini salama, mkavuka kijito, mkapanda ule ukingo wenye majani mengi, na kabla hamjafika juu akaanza kulipiga teke tumbo lake mwenyewe. Akazungusha mkia, akageuza kichwa kutaka kuuma ubavu, akatetemeka, mwishowe akataka kulala chini na mgeni bado yuko mgongoni. Ukampiga fimbo nne, akasimama. Ukampiga tatu nyingine, akatembea. Umezihesabu, na ni vizuri umezihesabu, kwa sababu nataka uzikumbuke zote saba.

Ulipomrudisha, ulimtazama tumboni? Ulipitisha kiganja mapajani kwa ndani, pale manyoya yalipo machache na ngozi ni laini kama ya mtoto? Hukumtazama. Ulifungua mkanda, ukatundika tandiko, ukaja kwangu kushtaki.

Ukingo ule naujua. Ni thabai ile. Wengine huku bara huiita upupu, ingawa upupu wa Pwani ni mmea mwingine kabisa, nao nitaufikia. Thabai hupenda udongo wenye rutuba na unyevu: pembezoni mwa msitu, kando ya vijito, na zaidi ya kote hupenda mahali mifugo ilipolala zamani. Ukiona kichaka chake kimesimama peke yake katikati ya nyasi, jua hapo palikuwa na boma. Watu wamehama, ng'ombe wameondoka, samadi imebaki, na thabai imekuja kuirithi. Imeenea mlima wetu huu, imeenea Nyandarua na Kilimanjaro, ikafika hadi milima ya Rwanda na mashariki ya Kongo. Huko, gorila wa milimani huikunja majani kwa ustadi na kuyala. Nyanya yako naye huipika akaiponda na viazi na mahindi, nawe umeila tangu hujaota meno yote. Lakini umewahi kumwona akiichuma kwa mkono mtupu? Huuvisha mkono mfuko kwanza, na thabai haigusi ulimi wa mtu mpaka maji ya moto yameipitia.

Juu ya jani na shina lake zimesimama nywele ndogo kama sindano, na kweli ni sindano. Zimekazwa kwa silika, madini yale yale yanayotengeneza kioo. Kwenye ncha pana kitone kidogo. Ukikigusa tu kinakatika, sindano inaingia ngozini na kumwaga maji yake. Ndani ya maji hayo mna histamini na vitu vingine ambavyo mwili wenyewe huvitumia kupeleka habari za maumivu na kuleta uvimbe. Mwili unapelekewa habari kwamba umeungua, nao unaamini, unavimba. Mtu akipita hapo na suruali na viatu vizito anaguswa na sindano chache mkononi, anajikuna, anaendelea na safari. Farasi havai suruali. Anapita na kifua, tumbo, mapaja ya ndani na chuchu zake, vyote vikiwa katika kimo cha majani yale. Sindano zilizomwingia leo huwezi kuzihesabu kama ulivyohesabu fimbo.

Usiniambie ngozi yake ni nene. Hilo nimelisikia tangu ujana wangu, na kwa muda mrefu nililiamini kwa sababu lilinifaa. Mtazame farasi aliyesimama kivulini inzi anapotua ubavuni. Ngozi inatikisika pale pale inzi alipotua, si shingoni, si mgongoni. Ngozi isiyosikia ingejuaje mahali pa mguu wa inzi? Daktari wa mifugo, alipokuja kuchanja, aliniambia kwamba mwaka 2020 watafiti wa Australia walichukua ngozi ya farasi na ngozi ya binadamu wakazilinganisha kwa hadubini. Lile tabaka la juu, ambalo ndilo linalosikia maumivu, halikuwa nene zaidi kwa farasi, wala mishipa ya fahamu haikuwa michache. Unene wa ngozi yake uko chini ya hapo, chini ya mahali maumivu yanapoanzia, kwa hiyo haumkingi. Daktari aliondoka, mimi nikabaki nimeshika ua, nikiwakumbuka farasi wote waliopita mikononi mwangu. Sikula chakula cha mchana siku hiyo.

Maana nami nilipiga, mjukuu wangu. Ukitaka kujua kwa nini sichoki kukwambia, sikiliza hili ambalo baba yako hajawahi kulisikia lote.

Nilikuwa mwaka wangu wa tatu nikiwa saisi, katika shamba moja upande wa Timau. Nilipewa farasi jike mwekundu, Zuhura, nikaambiwa nimpeleke hadi malisho ya juu na kurudi kabla ya jua kuzama. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha karibuni, nyasi zimepanda hadi kwenye kikuku cha tandiko. Nikaona nikipita katikati ya boma moja la zamani nitafupisha njia. Thabai ilikuwa imefika kifuani kwake. Akasita. Nikampiga visigino. Akaingia, na katikati ya kile kichaka akakanyaga jiwe lililolegea akaanguka ubavu, mimi nikarushwa pembeni penye majani. Alilala mle muda wa kupumua mara tano, sita, huku jasho linamtoka, akainuka.

Mimi niliona mikono yangu imewaka moto nikahangaika nayo. Yeye sikumtazama. Tulipotoka upande wa pili alianza kutetemeka, halafu miguu ya nyuma ikawa haimtii: anaiweka huku, inakwenda kule, kama mlevi anayetafuta kizingiti cha nyumba yake. Nikasema huu ni ukaidi. Nikasema ameona nimeanguka sasa ananidharau. Nikampanda tena, nikampiga, nikamlazimisha ateremke genge lililokuwa mbele yetu, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka na niliogopa kukaripiwa. Katikati ya genge miguu ya nyuma ikamwishia. Tulianguka pamoja hadi kwenye mawe. Mimi nilivunjika mtulinga. Yeye goti la mbele lilichanika hadi mfupa ukaonekana mweupe.

Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alikuja na taa usiku. Hakunikaripia. Alinyanyua taa hadi chini ya tumbo la Zuhura akaniambia nitazame. Ngozi ilikuwa imejaa mabonge, kana kwamba mtu amemwaga kunde chini ya manyoya. Halafu akaniambia nitazame miguu ya nyuma. Ilikuwa imesimama imara. Ile sumu ya thabai, ikizidi mwilini mwa farasi, hasa aliyeangukia ndani yake, humtia udhaifu na kuyumba, kisha mara nyingi huondoka yenyewe baada ya saa chache. Na kweli ilikuwa imeondoka. Ningemfunga chini ya mti saa tatu nne, nikakaa kitako nikamngoja, angerudi nyumbani kwa miguu yake minne mizima. Zuhura hakubeba mtu tena. Alikaa malishoni akichechemea mpaka nilipoacha kazi katika shamba lile, na kila asubuhi nilipompelekea maji alinijia vile vile kama zamani, akaweka pua yake begani mwangu, bega lile lile lililovunjika. Hilo la kuja kwake ndilo lililoniumiza kuliko mtulinga.

Saa tatu nne. Nyinyi vijana mna saa za mkononi na za kwenye simu, wala hamna saa tatu za kumpa mnyama.

Sasa nikuambie la kufanya, na safari hii ulishike. Ukiona farasi aliyekuwa mtulivu ameanza kupiga tumbo lake, kuzungusha mkia, kuuma ubavu, kitu cha kwanza ni kumshusha mgeni. Usimvute farasi kumaliza kipande cha njia kilichobaki. Mtoe majanini, mfikishe mahali pa wazi na tambarare, uegemee upande wa bega lake na sio nyuma, kwa kuwa mnyama aliyewashwa hurusha mateke bila kumkusudia mtu. Fungua mkanda, ondoa tandiko na blanketi lake, uviweke mbali. Halafu maji. Maji baridi mengi, ya kumwagia, kuanzia juu kwenda chini. Usichukue brashi ukaanza kusugua. Ukisugua unazivunja zile sindano ambazo hazijavunjika na kuzikandamiza zaidi. Mwagia tu, yateremke yenyewe na yaondoke nazo. Zizini waweza kutumia sabuni laini kidogo na mpira wa maji. Njiani tumia kijito, kofia, chupa, chochote ulicho nacho. Kisha mweke kivulini, umwache asimame. Jasho na joto humzidishia kuwashwa, ndiyo maana kumtembeza kwa nguvu "atoe sumu" ni ujinga ambao sijui nani aliuanzisha.

Mhesabie pumzi. Akiwa ametulia, farasi mzima huvuta 8 hadi 16 kwa dakika. Tazama ubavu, usitazame pua. Tazama midomo, kope na tundu za pua kama zinavimba. Akianza kukoroma katika kuvuta pumzi, au uso ukiumuka, hapo hakuna mambo ya kungoja, mpigie daktari saa ile ile. Hali kadhalika akiendelea kuyumba baada ya saa chache. Daktari anazo sindano za kuzima uvimbe, lakini nyingine kati ya hizo zina hatari ya kumharibia farasi kwato, basi usimruhusu rafiki yako mwenye kichupa mfukoni amchome.

Na tafadhali, oili chafu ya gari uiache garini. Mafuta ya taa uyaache kwenye taa. Nimeona farasi aliyekuwa na vipele vya siku moja akageuzwa kuwa mwenye vidonda vya miezi miwili kwa sababu mtu alimpaka oili iliyokwisha kutumika, baada ya kuambiwa na jirani kwamba ndiyo dawa ya kila kitu chenye ngozi. Ile ni taka. Inaunguza, inazuia ngozi kupumua, na farasi hujilamba.

Blanketi nalo ulikague. Mara nyingi sana mnyama amepona tumboni, kesho yake ukimtandika anakataa, ukaanza tena hadithi ya wazimu. Geuza blanketi upande wa chini. Utakuta kijani kilichokauka, kikonyo, mbegu ya kishona nguo, au mbigili. Tandiko likikaa juu yake na mtu wa kilo 80 akakaa juu ya tandiko, hapo unamkandamizia mwiba kwa uzito wa gunia la mahindi karibu zima. Mimi niliweka desturi ya kupitisha ndani ya mkono wangu kwenye blanketi, hapa chini ya kiwiko, kwa sababu kiganja cha saisi kimeota sugu hakisemi kweli.

Lipo jambo jingine, nalo sitaki ulichanganye na haya. Si kila uvimbe ni majani. Bonge la thabai ukilibonyeza kwa kidole huacha kishimo, huja ghafla, hujaa tumboni na miguuni mahali palipoguswa, na farasi huwa hana homa. Lakini ukiamka asubuhi, hasa baada ya mvua nyingi, ukakuta vile vishimo vilivyo juu ya macho vimejaa na kutokeza, kope zimevimba, na kipimajoto kimepita 38.5, huo ni ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoletwa na usubi wa usiku. Huo unaua, na unaua wengi. Pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua, farasi hawezi. Ndiyo sababu tunachanja, na ndiyo sababu mimi mzee wako nilikuwa mkali farasi wote wawe ndani kabla ya magharibi. Usije siku moja ukamwosha farasi mwenye ugonjwa huo kwa maji ya baridi ukidhani ni upupu.

Upupu wenyewe, ule wa Pwani, ni mtambaazi wenye maganda kama ya maharage yaliyovaa manyoya ya rangi ya dhahabu. Maganda yakikauka, upepo tu unatosha kuyapeperusha manyoya yale, na yakitua mwilini mwa mtu humfanya avue nguo barabarani. Huku kwetu juu hutaupata, lakini ukipata kazi Mombasa au Kwale ukaanza kuwapandisha wageni pale nyuma ya fukwe, uujue kwa macho kabla ya kuujua kwa ngozi.

Chini kule Laikipia adui yako ni mpungate. Ule wenye vibapa vya kijani kama viganja vimepandana, matunda ya zambarau. Uliletwa na walowezi kama ua, ukatoroka, na sasa maeneo ya Dol Dol umemeza malisho ya watu, maana nyani na tembo hula matunda na kuzipanda mbegu kila wanakokwenda. Watu wameleta hata vidudu vya kochinili vya kuufyonza. Miba yake mikubwa unaiona. Ile inayotesa ni midogo kama vumbi, imejaa kwenye kila doa la kibapa, na farasi akitia mdomo pale penye tunda anaondoka na mamia ndani ya midomo na ulimi. Atakataa lijamu. Utasema ni mkaidi. Mfungue mdomo taratibu mahali penye mwanga, utazame ufizi.

Mnyaa unaujua, ule wa vijiti vya kijani usio na majani, wanaozungushia maboma. Wamaasai huuita emanyara, na lile ziwa la Tanzania lilipata jina lake hapo. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni, la mtu au la farasi, ni moto. Usifyeke mnyaa wa njia huku farasi wamesimama karibu. Utomvu ukimrukia mmoja, osha jicho kwa maji safi mfululizo kwa dakika 15 au zaidi huku daktari akiwa njiani, na usifute kwa kitambaa.

Gugu karoti limeingia vile vile. Tanzania walilitambua Arusha mwaka 2010, na kwetu limeenea Naivasha na kwingineko kando ya barabara. Lilitoka Amerika ya joto. Majani yake yamechanika kama ya karoti, maua madogo meupe. Hili halichomi papo hapo kama thabai. Linaujenga uadui polepole: ngozi inaizoea sumu yake kwa ubaya, siku moja inakataa, na kuanzia hapo kila ikiguswa inababuka. Nawe pia, si farasi tu. Unapoling'oa vaa glavu.

Na lile ua dogo la manjano linalong'aa penye majimaji, farasi akilila bichi hupata malengelenge midomoni. Likikauka ndani ya nyasi za akiba ukali wake hupotea. Lakini ukiona farasi mwenye pua nyeupe amebabuka pale penye weupe tu, na palipo peusi pazima, usilaumu tena majani ya njiani yaliyomgusa. Hayo ni yale aliyoyala. Mimea mingine, au ini lililoharibika, huacha kitu kwenye damu kinachowaka jua linapopiga ngozi isiyo na rangi. Mtoe juani mara moja, umwite daktari.

Nyanya yako anataka nimalize, ananiashiria chai imepoa. Ngoja hili moja, kwa sababu ulisema wazungu wana dawa za kila kitu. Kijana mmoja wa kwetu, mama yake ni wa Mtwapa, alipata kazi katika mazizi ya farasi Marekani. Aliniambia huko kuna mtambaazi wa majani matatu matatu, mafuta yake yakikugusa unababuka kwa wiki. Farasi mwenyewe mara nyingi hadhuriki. Anapita ndani yake, mafuta yanakaa kwenye manyoya, kwenye hatamu, kwenye mkanda, na jioni saisi anayemfungua ndiye anayebabuka, bila kuwa amegusa jani lolote. Alipoona mikono yake alimkumbuka bibi yake akikaanga korosho, maana ule mmea na mkorosho na mwembe ni wa jamaa moja, na mafuta ya ganda la korosho huunguza vidole vivyo hivyo. Sasa huosha vifaa vyote kwa sabuni kabla hajamgusa mtoto wake. Nilimpenda kwa hilo. Nchi ya ugenini, mmea wa ugenini, naye amejifunza kutazama.

Najua kinachokusumbua. Mgeni amelipa kwa saa. Meneja yuko langoni na simu yake. Wewe ni kijana, kazi ni chache, na ukirudi unatembea kwa miguu huku unamvuta farasi utaonekana hujui kazi. Hata mimi nilisimama hapo ulipo. Lakini mwambie mgeni kweli: "Mnyama amechomwa na majani, tutatembea kidogo." Katika miaka yangu arobaini na moja wapo walionung'unika, ni wachache. Wengi walishuka, wakavua kofia, wakanisaidia kuchota maji. Na yule atakayekufukuza kazi kwa kumwosha farasi, mwache akufukuze. Nyumba hii ina kitanda.

Watu wa zamani walisema asante ya punda ni mateke, wakasema punda haendi bila kigongo. Wazee wangu niliwaheshimu, na katika hili walikosea. Farasi hana ulimi wa kukwambia tumbo langu linawaka. Ana mguu. Ana mkia. Ana masikio anayoyalaza. Siku nzima anazungumza kwa hivyo vitu vitatu, na sisi tunamjibu kwa fimbo, halafu tunashangaa kesho akisema kwa sauti kubwa zaidi. Walisema pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hilo ndilo nilipenda ulibebe, kwa maana mwenzio leo alikuwa na mgeni mgongoni, mkanda tumboni, moto chini ya mkanda, na fimbo saba juu yake.

Sasa nyanyuka. Si kesho, sasa, kabla giza halijaingia vizuri. Rudi zizini, usiwashe taa kubwa, umwendee upande wa bega ukimwita jina. Mpapase tumbo na mapaja ya ndani kwa mgongo wa mkono. Utakuta uvimbe wa aina mbili. Ule wa duara ni wa thabai, na kufikia sasa utakuwa unashuka. Ule mrefu ni wa kwako. Huo uusimamie mpaka uuone vizuri, halafu umwoshe wote kwa maji yale yale.

Asubuhi nitakuja. Goti hili litanichelewesha, basi nikute umeshanoa panga na umebeba glavu mbili. Tutaufyeka ukingo ule hadi upana wa farasi wawili, tuyatupe majani mbali na kijito, na vikonyo vichanga tumletee nyanya yako, anasema viazi anavyo. Chukua taa iliyo nyuma ya mlango. Ina mafuta ya kutosha kwenda na kurudi.